Pistoni ikikosewa kwenye mashine: namna ya kupima, kuokoa au kukataa kabla injini haijafungwa

Zilikuwa pistoni nne mpya za saizi 0.50, yaani zimezidi za kawaida kwa nusu milimita, za injini ya dizeli ya Toyota 3L, zimepangwa juu ya gazeti kwenye benchi. Nilichukua ya kwanza nikaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye sketi, yaani ubavu wa pistoni chini ya ringi, palikuwa na alama tatu zinazong'aa, kila moja upana wa kidole, zimeachana sawasawa kuizunguka pistoni. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu na ya nne pia. Aliyezileta hakusema kama zimepita kwenye lethi, mashine ya kuchongea vyuma, lakini alama zenyewe zilisema: mtu alizibana kwa mataya matatu, akakaza, akachonga kichwa.

Maikromita ikamaliza mashaka. Mbili zilikuwa bado kwenye kipimo, ya tatu imepungua milimita 0.02, ya nne milimita 0.05. Kwa macho zote zilifanana. Zingefungwa hivyo, mwenye gari angesikia injini ikigonga kila asubuhi, angeambiwa itatulia ikipata moto, na miezi michache baadaye angekuwa anaongeza oili kila wiki.

Haya nimemwandikia fundi mwenzangu anayefunga injini, na mwenye gari anayesimamia ovahoo kwa pesa aliyoihangaikia. Kosa la mashine humpata hata fundi hodari. Kinachotakiwa ni likamatwe pistoni ikiwa bado mezani, na uamuzi wa kuokoa au kutupa utoke kwenye kipimo. Usitoke kwenye haraka ya mteja, wala kwenye uchungu wa bei ya spea.

## Acha vyuma vipoe

Bloku ikirudi kutoka kuboriwa, yaani kupanuliwa silinda kwa mashine, iache gereji usiku mzima, na pistoni ziwe pembeni yake. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayozaa mabishano mengi kati ya fundi wa gereji na fundi wa mashine.

Silinda ya milimita 96 hupanuka karibu milimita 0.01 kwa kila nyuzi 10 za joto. Pistoni ya alumini ya upana huohuo hupanuka karibu mara mbili, yaani milimita 0.02. Sasa fikiria bloku iliyotoka kuboriwa na kuhoniwa (kusuguliwa ndani kwa mawe) ikiwa na nyuzi 50. Fundi wa mashine anaipima palepale, anaona nafasi kati ya silinda na pistoni iko sawa, anakukabidhi. Asubuhi imeshuka hadi nyuzi 28 na silinda imejifunga zaidi ya milimita 0.02. Pistoni iliyoteleza jana leo inakwama. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosewa ni kupima chuma cha moto.

Vipimo vya kwenye vitabu huhesabiwa kwa nyuzi 20. Kwetu Dar es Salaam au Mombasa gereji inaweza kufika 32, na hapo nafasi utakayoisoma kwenye silinda hii itakuwa ndogo kwa karibu milimita 0.01 kuliko ya kitabu. Jambo la maana ni pistoni na bloku ziwe na joto moja. Usiishike pistoni kiganjani huku unapiga soga kisha ukaipima. Joto la mkono peke yake linatosha kukupotosha.

Osha kila kitu kwanza. Vumbi la kuhoni chini ya ncha ya boa geji, chombo cha kupimia upana wa silinda, linabadilisha kipimo, na linakula ringi mpya kabla gari halijatoka mtaani.

## Pistoni hupimwa wapi

Pistoni si duara kamili, wala haijanyooka kama bomba. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la yai kidogo: imebanwa upande wa pini inayoiunga na konrodi (mkono wake), imepanuka upande unaosugua silinda. Kichwa ni chembamba kuliko sketi, kwa sababu ndicho kinachopata moto mwingi na kupanuka zaidi. Kwa hiyo anayepima karibu na ringi ya juu anasoma namba ya uongo, na anayepima sambamba na pini vilevile.

Weka maikromita kwenye sketi, pembemraba na pini, kwa kimo ambacho mtengenezaji ametaja. Kama karatasi ya vipimo haipo, shuka taratibu kwenye sketi ukitafuta sehemu pana kuliko zote, weka alama ya kalamu, kisha pima pistoni zote kwa kimo hichohicho. Andika namba ya kila pistoni juu ya kichwa chake.

Silinda pima mara sita: juu, katikati na chini, na kila kimo pande mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Bloku ya silinda nne inatoa namba 24. Ziandike zote kwenye karatasi, usizitunze kichwani. Kwenye silinda iliyotoka kuboriwa mimi sipokei tofauti inayozidi milimita 0.01 kati ya namba hizo sita. Ikizidi hapo, ama juu pana na chini nyembamba, ama ina umbo la yai, na bloku inarudi.

Toa kipimo cha pistoni kutoka kwenye kipimo kidogo kabisa cha silinda yake, hiyo ndiyo nafasi. Linganisha na kitabu cha injini hiyohiyo. Usitumie namba ya kukumbuka kutoka injini nyingine: pistoni za kufuliwa (za aloi iliyopigwa), zile za mashindano, nyingi zinahitaji nafasi kubwa kuliko za kusubu (za kumiminwa) kwa sababu aloi yake hupanuka zaidi.

Kama huna boa geji, kuna njia ya wazee inayokusaidia kuhakikisha. Geuza pistoni isiyo na ringi kichwa chini, ingiza kwenye silinda pamoja na fila geji (bati la unene unaojulikana) ndefu nyembamba upande wa sketi, kisha vuta fila. Ikitoka kwa ukinzani mwepesi, unene wake uko karibu na nafasi iliyopo. Ukilazimika kukaza mkono, pamebana. Njia hii haichukui nafasi ya boa geji, lakini imeniokoa zaidi ya mara moja nikiwa mbali na mjini.

## Silinda imebana

Hili ndilo kosa la heri, maana chuma bado kipo. Bloku irudi kuhoniwa, pistoni zikiwa mkononi mwa fundi wa mashine, kila silinda ikifuata pistoni yake. Chanzo chake karibu siku zote ni kimoja: bloku ilipelekwa peke yake, fundi akabori hadi milimita 96.50 kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na pistoni ikaja baadaye. Namba iliyopigwa kwenye kichwa cha pistoni inakutajia saizi tu. Kipimo chake halisi utakipata kwa maikromita.

Nimewaona mafundi wanaosugua pistoni kwa msasa ili ipite. Nakusihi, usifanye hivyo. Lile umbo la yai na ule mbinuko wa sketi kama pipa vimehesabiwa kwa sehemu ndogo sana za milimita, na mikwaruzo midogo ya mashine iliyoko kwenye sketi kazi yake ni kushika oili. Msasa unafuta vyote kwa dakika mbili. Injini itapata moto, pistoni itapanuka mahali pasipotakiwa, na itakamata.

## Silinda imezidi

Hapa ndipo roho inapouma, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza jua imezidi kiasi gani. Ikiwa nafasi imepita ya kawaida lakini bado iko chini ya kikomo cha juu kilichoandikwa kitabuni, injini itafanya kazi, ila umeanza safari na sehemu ya umri wake imekwisha. Mwambie mwenye gari, aamue yeye. Wakati mwingine kuna dawa isiyo na gharama: pima pistoni zote, ile iliyo pana kwa milimita 0.01 ipeleke kwenye silinda iliyozidi. Hakikisha tu hazijafungwa kwenye konrodi bado na uzito wake unalingana.

Kumbuka pia ringi. Silinda ikipanuka milimita 0.05, mwanya wa ringi, pale ncha zake mbili zinapokaribiana, unaongezeka mara tatu na zaidi ya hapo, karibu milimita 0.16, kwa kuwa mzunguko wote umekua. Kwa ringi ya juu ya injini ya kawaida ya petroli, kanuni inayotumika sana ni kuzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.004, hivyo silinda ya milimita 96 hupata mwanya wa karibu 0.38. Ukikuta 0.55 usilaumu ringi, rudi ukapime silinda.

Ikiwa imepita kikomo, njia ni mbili. Nenda saizi inayofuata, kutoka 0.50 hadi 0.75 au 1.00, kama pistoni zinapatikana na ukuta wa silinda unaruhusu. Au ingiza slivu, bomba jipya la chuma ndani ya silinda, na urudi kwenye saizi unayoitaka. Silinda moja ikiharibika peke yake, slivu moja mara nyingi ni nafuu kuliko seti nzima mpya. Kupaka sketi dawa ya kuteleza, au kuigonga vinundu ili ipanuke, hakurudishi milimita 0.05 iliyokwenda. Vinundu husagika na nafasi hurudi palepale.

## Kichwa kimechongwa

Turudi kwenye zile pistoni nne. Bloku ya 3L ile ilikuwa imeskimiwa uso wake, yaani umechongwa kunyooshwa, na hakuna aliyeandika imeondolewa kiasi gani. Pistoni zikawa zinachomoza juu kuliko inavyotakiwa, na mtu akaona suluhisho ni kupunguza vichwa kwa milimita 0.3.

Hesabu inaonyesha hasara yake. Silinda ya upana wa milimita 96 na mwendo wa pistoni wa milimita 96 ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 695. Kwa mgandamizo wa takriban 22 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni kama 33 tu. Ukichonga milimita 0.3 kichwani unaongeza kidogo juu ya 2, na mgandamizo unashuka chini ya 21. Dizeli inawaka kwa joto la kugandamizwa. Gari litawaka kwa shida asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru, na litatoa moshi mweupe hadi lipate moto.

Si hilo tu. Pistoni nyingi za dizeli zina kichwa kilichotiwa ngozi ngumu ya kukinga moto, na njia ya ringi ya juu imewekewa pete ya chuma ndani ya alumini. Kuchonga kunaondoa ngozi hiyo na kunapunguza unene wa alumini juu ya ringi ya kwanza, mahali penye mateso kuliko pote.

Dawa ya kuchomoza ni gasketi. Toyota 2L na 3L, kama dizeli nyingine nyingi, zina hedi gasketi za unene tofauti zinazotambulika kwa alama. Weka daili geji (saa ya kupimia vimo vidogo) juu ya uso wa bloku, pima kila pistoni ikiwa juu kabisa, kwenye mstari wa pini pande zote mbili. Ukipima mbele au nyuma ya mstari huo, pistoni inayumba na kukudanganya. Chukua namba ya pistoni iliyochomoza kuliko zote, chagua gasketi kwa hiyo. Ikiwa hata gasketi nene kuliko zote haitoshi, bloku imeskimiwa kupita kiasi, na mwenye gari aelezwe ukweli huo kabla hujaendelea.

Pistoni zilizochongwa tayari, pima kimo kutoka katikati ya tundu la pini hadi juu ya kichwa. Tofauti kati yao ikiwa kubwa, kila silinda itakuwa na mgandamizo wake na injini itatetema ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Zile nne nilizikataa zote: mbili kwa sketi, na mbili nzima kwa sababu vichwa vyake vimepungua kama vya wenzake.

Ikiwa kazi ya kichwa ni ya lazima, kama kuongeza mashimo ya valvu kwenye injini ya mashindano, pistoni haishikwi sketi kwa mataya. Hukalishwa kwenye kishikio kilichochongwa kuingia mdomo wa chini wa sketi na huvutwa kwa fimbo inayopita kwenye pini. Uliza kabla ya kuacha kazi: "Fundi, utaishikaje?" Jibu lake litakutosha kuamua.

Mashimo ya valvu yakishakatwa, funga injini kwa majaribio ukiwa umeweka plastisini kwenye pistoni, zungusha krenkishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, fungua hedi, kata plastisini kwa wembe na upime unene wake. Wajenzi wengi wa injini za mashindano hutaka angalau milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na milimita 2.5 kwa ya kutolea moshi. Shimo likiwa pungufu linaongezwa. Likiwa limezama mno, pima unene uliobaki chini yake kabla ya kusema lolote, kwa sababu ukuta mwembamba hutoboka kazini. Kingo kali zote zilainishwe kwa mkono, maana ncha kali ya alumini hupata moto kupita kiasi na kuweza kuwasha mafuta kabla ya wakati.

## Tundu la pini

Pini inayoelea ikiwa imelegea kwenye pistoni ya baridi hadi inaanguka yenyewe, ile pistoni ina kasoro, au mtu ameipitisha rima, chombo cha kupanulia tundu. Kwenye injini nyingi za Kijapani pini huingia kwa kusukumwa na kidole gumba pistoni ikiwa imepashwa kwenye maji ya moto, nyuzi 60 hadi 80. Ikipita hivyo na kukataa ikiwa baridi, iko vizuri. Tundu lililopanuliwa halirudi, na kugonga kwake hakuishi. Weka pistoni nyingine, au pini ya saizi kubwa kama mtengenezaji anaitoa.

Pini za kubana kwenye konrodi zisipigwe nyundo. Zitiwe kwa presi na kikalio chake, la sivyo pistoni inapinda palepale. Na vile vidude vya kuzuia pini viwe vipya kila mara. Njia yake ikiwa imechubuliwa na lethi au bisibisi, kataa pistoni bila mjadala, kwani kikitoka kinachimba silinda kuanzia juu hadi chini.

Jambo dogo lakini linalosumbua: pini mara nyingi haiko katikati kabisa. Alama ya mshale au nukta kichwani ielekee mbele ya injini. Ikigeuzwa, pistoni inagonga silinda na utahangaika kutafuta kosa la mashine lisilokuwepo.

## Uzito

Pistoni yoyote iliyochongwa ipimwe kwenye mizani ya gramu. Kwenye injini ya mwendo wa milimita 96 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, gramu 5 za ziada zinavuta konrodi pistoni ikifika juu kama mzigo wa karibu kilo 5, na hiyo ni mara 4,000 kwa dakika. Mimi hutaka tofauti isizidi gramu 2. Punguza ile nzito sehemu ya ndani, chini ya tundu la pini, na usiguse kichwa wala mbavu zinazokishikilia.

## Kuzungumza na fundi wa mashine

Nenda na karatasi yako ya vipimo, pistoni zenyewe na maikromita yako. Anza kwa salamu. Pimeni pamoja, kwanza kwa chombo chako, kisha kwa chake, na kama namba zinapingana, pimeni kitu chenye kipimo kinachojulikana mjue ni chombo gani kimepotea. Huyo wa zile pistoni nne nilipomwonyesha alama tatu, hakubisha. Aliichukua ile ya nne, akaizungusha kwenye maikromita yake mwenyewe, akanyamaza kidogo, akasema, "Nilikaza sana, kaka. Nilidhani itarudi." Tukakubaliana gharama agawane na mwenye gari, kwa kuwa aliyeagiza kuchonga vichwa hakuwa yeye.

Na safari ijayo andika makubaliano kabla: saizi, nafasi unayotaka kwa kila silinda, na kwamba kazi haianzi mpaka pistoni zifike. Piga picha ya karatasi. Kazi za maneno matupu ndizo zinazoishia kwenye ugomvi.

## Kabla ya kufunga

Osha silinda kwa maji ya moto na sabuni, brashi ipite kila mahali, mpaka kitambaa cheupe kikitoka kiwe cheupe. Mafuta ya taa peke yake hayatoi vumbi la kuhoni, yanalisukuma ndani ya mikwaruzo. Kausha, paka oili hapohapo. Sukuma kila ringi ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya. Pima nafasi ya ringi kwenye njia yake. Kisha funga pistoni moja, kaza konrodi kwa kipimo chake, zungusha krenkishafti kwa mkono mzunguko mzima, ndipo ufunge ya pili. Ugumu wa kuzungusha ukiongezeka ghafla, unajua ni ya ngapi, na unafungua moja badala ya nne.

3L ile ilipata seti mpya ya 0.50, silinda zikahoniwa kufuata kila pistoni, na gasketi nene kuliko zote tatu ikakubali kuchomoza kwake. Ilipowaka, tuliiacha ikinguruma hadi ikapata moto, tukaizima. Kesho yake asubuhi tukaiwasha ikiwa baridi kabisa, mimi nikiwa nimeegemeza bisibisi ndefu kwenye bloku na sikio kwenye mpini, nikasikiliza silinda moja baada ya nyingine. Haikugonga hata moja.